Mota ya kasi mbili kwenye inveta: shajara ya milingi ya Iyunga

Jumatatu

Mashine imeshushwa jana usiku na sasa imekaa kwenye zege la karakana yetu hapa Iyunga, Mbeya. Ni milingi, yaani mashine ya kukata chuma kwa kisu kinachozunguka, ya kichwa cha wima, ya zamani, rangi imekwisha lakini meza inateleza vizuri na gia ya nyuma, ile ya kupunguza kasi na kuongeza nguvu, inaingia bila kugoma. Kazi zake zinajulikana hata kabla haijawashwa: mifereji ya kii (kipande cha chuma kinachoshikanisha puli na shafti) kwenye shafti za mashine za kusaga mahindi, na vipuri vya mashine za kumenya kahawa vinavyoletwa kutoka Mbozi kila msimu unapokaribia. Mpaka leo mifereji hiyo tunaichimba kwa patasi na tupa, na mteja akiuliza kwa nini kii inacheza hatuna jibu la maana.

Umeme tulionao ni wa fezi moja, 230 V. Mota ya milingi ni ya fezi tatu. Kwa hiyo tumenunua inveta ya 2.2 kW ambayo inapokea fezi moja na kutoa fezi tatu, halafu frikwensi unaipanga mwenyewe. Wauzaji wa Dar watakwambia imekwisha hiyo, funga waya tatu uwashe. Nimesoma kibati cha mota kabla ya kufunga chochote:

380 V, Δ/YY, 50 Hz, 1.1/1.5 kW, 1400/2800 kwa dakika, 2.9/3.6 A.

Hapo ndipo kazi ilipo. Alama ya Δ/YY maana yake ni mota ya mfumo wa Dahlander, ule ambao Robert Dahlander wa Sweden na mwenzake Lindström waliuandikishia hataza mwaka 1897. Koili ni zilezile kwa kasi zote mbili, kinachobadilika ni namna zinavyounganishwa. Kwenye delta (Δ), fezi zikiwa zimeshikana kama duara, nusu mbili za kila fezi zinafuatana na stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka, inatoa ncha nne za sumaku, mota inakwenda pole. Kwenye sta mbili (YY), fezi zikikutana sehemu moja katikati, nusu hizo zinasimama sambamba, mkondo kwenye nusu moja unageuka, ncha zinabaki mbili, mota inakimbia mara mbili.

Wengi wanaposoma "delta na sta" wanafikiri ni ile mota ya kawaida ya 220/380, kwamba ukitaka volti ndogo unafunga delta. Siyo. Mota hii inataka 380 V kwa kasi zote mbili. Na inveta ya fezi moja haiwezi kutoa volti zaidi ya inazopewa: inageuza 230 V kuwa umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa kama 325 V ndani yake, kisha inaukata vipande vipande kuwa fezi tatu, na zinazotoka hazizidi 230 V zilezile. Zipo inveta zinazopandisha 220 hadi 380, bei yake si mchezo, na kwa mota kuukuu nina sababu nyingine ya kutozitaka, nitaieleza mbele.

Jumanne

Asubuhi baridi kali, ukungu mpaka saa tatu. Nimepima mota kwa mega (kipimo cha uzima wa insulesheni) ya 500 V kati ya koili na bodi ya mota: 3 MΩ. Haijafa, lakini imelala sana kwenye unyevu. Tumeitoa, tukaiweka ndani ya pipa lililokatwa pamoja na balbu ya wati 100, turubai juu, ikae humo ikauke. Asiye na oveni ya mota afanye hivyo hivyo, ila asisogeze balbu karibu na waya.

Wakati inakauka nimeshughulikia namba za inveta. Jambo moja ambalo mafundi wa pwani hawana haja nalo: karibu kila inveta imepimwa kwa matumizi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Hewa nyepesi haibebi joto vizuri, kwa hiyo kanuni ya kawaida ni kupunguza asilimia 1 ya mkondo kwa kila mita 100 zinazozidi. Yetu imeandikwa 10 A upande wa kutoa, kwa hapa naihesabu 9.3 A. Baridi ya Juni inasaidia kidogo, lakini Oktoba ndani ya boksi la chuma chini ya bati ni habari nyingine. Mtu wa Makete au wa Njombe apunguze zaidi yangu.

Jumatano

Mega sasa inasoma zaidi ya 80 MΩ. Nzuri.

Kabla ya kuigusa koili nimetaka kujua mota itafanya nini ikiachwa ilivyo. Kwenye vituo sita vya waya vya mota nimefunga 1U, 1V na 1W pamoja, nikaingiza fezi za inveta kwenye 2U, 2V na 2W, yaani ile kasi kubwa ya sta mbili. Swali lilikuwa ni kuiambia nini inveta.

Ukiiambia kwamba mota ni ya 220 V kwa 50 Hz, itaamini. Itapeleka 220 V kwenye 50 Hz, wakati koili zinangoja 380. Sumaku ndani ya stata inakuwa dhaifu kwenye kila frikwensi kuanzia chini, na nguvu ya juu kabisa ya kuzungusha inashuka hadi theluthi moja, kwa sababu inafuata volti zidisha volti. Mota itazunguka vizuri bila mzigo, mwenye mali atapiga makofi, halafu kisu kikigusa chuma itasimama. Nadhani hapa ndipo ule usemi wa "inveta zinaua nguvu ya mota" unapozaliwa.

Ukweli unaotakiwa kuingizwa ni uwiano: 380 V kwa 50 Hz ni sawa na 220 V kwa 29 Hz. Kwa hiyo frikwensi ya msingi ni 29. Hadi hapo mota ina nguvu yake kamili ya kuzungusha, juu ya hapo inveta haina volti za kuongeza na nguvu inaanza kupungua. Kwa maneno ya kilowati, 1.5 inakuwa kama 0.87.

Tumejaribu hivyo. Kisu cha milimita 10, chuma laini, mfereji wa kina kidogo: imekata. Tulipoongeza kina kwa frikwensi ya 50, mlio ulibadilika na klampu mita inayopima mkondo ikapanda, tukarudisha meza. Kwa mtu mwenye kazi za mbao au alumini ningemwambia aishie hapa, asifungue kitu. Sisi tuna shafti za milimita 40 na 50.

Alhamisi

Nimempelekea mota mzee mmoja wa Mwanjelwa anayesuka mota tangu nikiwa shule ya msingi. Nimemsalimu, "Shikamoo mzee," akajibu "Marahaba, ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, huku macho yake yako kwenye mota tayari.

"Unataka nikusukie upya?"

"Hapana mzee. Nataka uniachanishe viungo vitatu tu."

Nimemchorea kwenye karatasi ya saruji. Koili za mota hii ni nusu sita zilizoshikana mkono kama duara. Kona tatu za duara ni 1U, 1V, 1W, na katikati ya kila upande ni 2U, 2V, 2W. Hilo la duara tunaweza kulithibitisha kwa mita tukiwa nje. Vituo vya namba 1 kwa namba 1 vilisoma 11.2 Ω, vya 2 kwa 2 vilisoma 11.2 vilevile. Kati ya 1 na 2 walio jirani 7.0, na kati ya 1 na 2 wanaotazamana 12.6. Ukipiga hesabu ya nusu sita zilizo sawa kwenye duara, kila nusu inatoka 8.4 Ω na namba zote zinakubaliana. Mota ambayo namba hizi zinapishana sana ina koili iliyoungua, na hakuna sababu ya kuendelea nayo.

Sasa, kwenye kila kona mwisho wa fezi moja umefungwa na mwanzo wa fezi nyingine. Ukikata kona hizo tatu, duara linavunjika na kubaki makundi matatu yasiyojuana, kila kundi likiwa na waya tatu: pembeni, kati, pembeni. Ukizifunga pamoja pembeni mbili za kundi, unapata fezi moja yenye nusu mbili sambamba, mwanzo wake ni ile ya kati na mwisho wake ni zile za pembeni. Fanya hivyo kwa makundi yote na una mota ya kawaida ya ncha mbili yenye waya sita. Ukifunga miisho yote pamoja umerudi kwenye sta ya 380 V kama kibati kinavyotaka. Ukizifunga delta, kila koili inapata 220 V moja kwa moja. Na 220 ndizo hasa koili ilikuwa inapata kwenye ile sta. Haijui kama kuna kilichobadilika.

Mzee ameitazama karatasi muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: kwa nini nisiende kwenye ncha nne?

Ana hoja. Kwa kibati chetu, kasi ndogo ina nguvu ya kuzungusha ya kama 7.5 Nm, kasi kubwa 5.1 tu. Milingi inapenda nguvu kuliko mbio. Na tukiachanisha hata vile viungo vitatu vya kati, zile nusu sita zikawa huru kabisa, tunaweza kuziweka sambamba kwa mpangilio wa ncha nne na kuzipa 220 V kila moja. Koili hizo kwenye delta ya zamani zilikuwa zinapata nusu ya 380, yaani 190. Kwa hiyo frikwensi ya msingi ingepanda hadi kama 58 Hz, na mota ingetoa takriban 1.28 kW ikiwa na zile 7.5 Nm zake. Kwenye karatasi, hiyo ndiyo mota bora kwa mashine hii.

Kwenye meza ya mzee mambo ni tofauti. Ameinua kamba ya kufungia koili kwa ncha ya kisu, vanishi ikavunjika kama ganda la karanga. Viungo vya kona viko upande wa mbele, juu, unaviona. Vya kati vimezikwa chini ya koili za fezi nyingine upande wa nyuma. Kila waya utakaopindishwa kwenye insulesheni ya umri huo ni hatari mpya, na waya kumi na mbili kutoka nje zinahitaji kujua mwelekeo wa kila nusu, wakati kwenye makundi ya tatu-tatu mwelekeo unajipanga wenyewe. Tumekubaliana: kona tatu tu. Gia ya nyuma na puli za ngazi zitarudisha nguvu tunayoikosa. Milingi isiyo na gia ya nyuma, ningeingia gharama ya ncha nne, hata kama ni kusuka upya.

Ijumaa

Mzee amemaliza. Amepasha moto viungo kwanza ili vanishi ilainike, akakata, akasafisha, akalehemu nyaya mpya zenye kihami cha kuvumilia joto, akavisha soksi za fiberi na kufunga upya kwa kamba. Kisha vanishi mpya mwili mzima na kurudi kwenye joto.

Tumeyatafuta makundi kwa mita mbele yake. Kwenye kila kundi, waya wa kati ni ule unaosoma 8.4 kwenda kwa kila mmoja, na wa pembeni kwa pembeni ni 16.8. Tumevibandika lebo kabla ya mtu yeyote kunyanyuka kwenda kunywa chai. Baada ya kufunga delta, kila jozi ya vituo inasoma 2.8 Ω, zote tatu sawa. Mega imekaa juu ya 100 MΩ.

Sasa ile sababu ya kutotaka inveta ya kupandisha volti. Inveta haitoi wimbi laini, inapiga mapigo makali yenye kimo cha volti zake za ndani, na kwenye kebo mapigo hayo yakifika kwenye mota yanaweza kuruka hadi karibu mara mbili. Inveta ya 400 V ndani ina kama 560 V, mara mbili ni zaidi ya 1,100 V kwenye insulesheni iliyotengenezwa kabla watu hawajafikiria mambo haya. Ya 230 V ina 325, mara mbili yake ni 650. Kwa mota mpya iliyojengwa kwa ajili ya inveta haisumbui. Kwa hii ya vanishi ya ganda la karanga, nusu ya kipigo ni afadhali kubwa. Na kebo tumeiacha fupi, mita tatu na nusu, yenye wavu wa chuma uliofungwa ardhini pande zote mbili.

Jumamosi

Siku ya nyaya. Inveta ina laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme ya karakana, waya wa 4 mm², sakiti breka ya 25 A. Tulipoiwasha mara ya kwanza ile swichi ya kulinda uvujaji ya karakana nzima ilikata papo hapo. Inveta haijaharibika. Ndani ina kichujio kinachomwaga mkondo mdogo ardhini muda wote, na swichi ya 30 mA inaona huo ni uvujaji. Dawa ya mtaani ni kukata waya wa ardhi, na dawa hiyo imeshaacha watu wakipigwa shoti na meza za mashine. Sisi tumeitoa laini ya inveta kwenye swichi ile, tukaipa kinga yake ya aina inayokubali inveta, na tumepigilia nondo mpya ya ardhi nje ya ukuta kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imebaki jina.

Ile swichi ya mkono ya mashine yenyewe, yenye alama za sungura na kobe, haina tena ruhusa ya kugusa waya za mota. Hili nalisisitiza kwa vijana wote wa karakana: kati ya inveta na mota hakuna swichi, hakuna kontakta (swichi inayovutwa na umeme), hakuna kitu kinachofungua mota ikiwa inazunguka. Ukikata pale, cheche yake inarudi kwenye transista za inveta na umenunua nyingine. Lakini mkono wa swichi ni mzuri na mafundi wameuzoea, kwa hiyo tumeuacha ufanye kazi ya waya ndogo. Ukiwa kwenye kobe unaiambia inveta 25 Hz, kwenye sungura 50 Hz. Fundi anasikia kasi mbili zilezile, potenshomita, kitufe cha kuzungusha kupanga kasi, iko pembeni kwa atakaye kasi ya kati yake.

Kuwasha na kuzima si kazi ya mkono huo. Tumeweka vibonye viwili, cha kijani na chekundu, pamoja na uyoga wa dharura, kile kibonye kikubwa cha kusimamisha mashine. Umeme wa hapa unaweza kukatika katikati ya kazi na kurudi wakati mtu ameinama anafungua kisu. Kama amri ya kuzunguka ingetoka kwenye swichi iliyobaki imewashwa, mashine ingeamka naye mkono ukiwa ndani. Kwa vibonye, umeme ukirudi mashine inangoja mtu aibonye. Tumeijaribu kwa kushusha breka na kuipandisha mara kadhaa, haikuamka.

Namba zilizoingia kwenye inveta: 220 V, 50 Hz ya msingi, mkondo wa mota 6.2 A, ambao ni ile 3.6 ya kibati zidisha 1.73 kwa sababu tumehama kutoka sta kwenda delta. Chini kabisa 20 Hz, kwa kuwa feni ya mota iko kwenye shafti yake yenyewe, na polepole feni hailishi hewa. Juu kabisa 60. Inveta inakubali hata mia kadhaa, beringi hazijaulizwa. Kupanda sekunde 3, kushuka sekunde 5.

Jumatatu

Bila mzigo inavuta 2.9 A, fezi zote tatu zinalingana. Ilianza kwa kuzunguka kinyume, tukabadilisha nafasi za waya mbili upande wa mota.

Mlio mwembamba wa inveta umewakera vijana. Ukipandisha frikwensi ya kukatakata mlio unapotea, ila inveta inapata moto zaidi, na kwa mwinuko wetu sina joto la kugawa. Imebaki 4 kHz. Watazoea.

Kazi ya kwanza ya kweli: shafti ya milimita 45 ya mashine ya kusaga, kii ya milimita 14, gia ya nyuma ndani, inveta kwenye 40 Hz. Kile kina ambacho Jumatano kilituogopesha kimepita kwa 4.8 A, na mlio haukubadilika hata jirani alipoanza kuchomelea na volti za ukutani zikashuka hadi 212. Baada ya saa nzima mkono unavumilia kukaa juu ya mota.

Kushuka kwa sekunde 5 kumekuwa kirefu kwa mafundi wanaotaka kupima haraka. Tulipopunguza hadi 2, inveta ilikata na kuandika kosa la volti kuzidi, maana mota inayosimamishwa ghafla inageuka jenereta na kurudisha umeme ndani. Inahitaji rezista ya breki ya kumeza umeme huo. Nimeagiza, inakuja na basi kutoka Dar wiki hii. Hadi ifike, sekunde 5 zinabaki, na pazia la turubai kati ya milingi na jiwe la kunolea linabaki pia, kwa sababu vumbi la chuma likiingia kwenye feni ya inveta hesabu yote ya mita 1,700 haina maana.

Mteja wa shafti amekuja kuchukua jioni. Ameingiza kii kwa nyundo ya mbao, akaitikisa, akauliza bei ya kuchimba nyingine sita.